Mita Kumi na Moja

Machi 4
Mvua imeanza. Mhariri alinipigia asubuhi, akicheka kama kawaida yake: "Mwalimu, mvua zikikatika nataka muswada mezani." Kwa hiyo nimenunua na daftari hili, niwe na pa kusemea. Zamani nilikuwa nasema na mume wangu. Yeye ndiye aliyesoma kila hadithi yangu kabla ya mtu mwingine, na neno lake lilikuwa moja tu: "Endelea." Mwaka wa pili huu hayupo wa kuniambia hivyo. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, nikastaafu, nikadhani nyumba iliyotulia ndiyo ndoto ya kila mwandishi. Nyumba imetulia kweli. Na kalamu nayo imetulia.

Riwaya yenyewe ni hii: watu wamejenga lifti ya kwenda angani. Kilomita elfu thelathini na sita juu ya vichwa vyetu pana mahali ambapo setilaiti huzunguka sawasawa na dunia inavyozunguka, hata ukiwa chini unaiona kama imesimama. Kutoka hapo inashushwa kamba hadi ardhini, na nyingine inanyooshwa kwenda mbali zaidi ili mizani ikae sawa. Gari dogo linaipanda kamba hiyo. Hakuna moto wala kishindo. Unapanda tu, kama mtu anayekwenda ghorofa ya nne kwa daktari wa meno. Isipokuwa safari ni ya siku nane.

Kamba ninayo, gari ninalo. Mtu wa kukaa ndani yake sina.

Machi 5
Mvua. Ukurasa mmoja. Nimeuchana.

Machi 7
Leo sauti yangu nimeisikia mara moja, dukani, nilipoomba kiberiti.

Machi 10
Jumapili, siku ya binti yangu kupiga simu.
"Mama, umekula?"
"Nimekula."
"Unaandika?"
"Naandika."
Uongo mara mbili. Na yeye akaniambia hana uchovu. Tukawa sare.

Machi 13
Nimefanya jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo: nimekwenda kuuliza watu wa kamba. Ng'ambo ya kituo cha treni kuna karakana inayopima kamba za chuma, zile za winchi za majengo na za lifti. Mlinzi akaniandikisha, akanielekeza, "Ingia, mtafute Mama Kamba. Ukisikia mtu anafoka, ndiye."

Kweli alikuwa anafoka. Mwanamke wa rika langu, mwembamba, buti za mpira hadi magotini, anamgombeza fundi aliyeacha kamba sakafuni kwenye maji. Nilimngoja amalize. Nikajieleza: mimi ni mwalimu mstaafu, naandika hadithi za kubuni za sayansi, nataka kujua kuhusu kamba ndefu.

"Ndefu kiasi gani?"
"Kilomita laki moja hivi."

Akanitazama juu chini. Kisha akavuta stuli akaketi, kama mtu aliyeletewa mgonjwa mgumu lakini anayevutia.

"Mwalimu, kamba hii ya chuma ukiitundika bila mzigo wowote, ikining'inia tu, ikifika kilomita ishirini na kitu inakatika. Unajua inakatwa na nini?"
"Na uzito wake yenyewe."
"Haya. Kumbe unajua. Sasa umekuja kunipotezea muda wa nini?"

Nikamweleza nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele na ngumu kuliko chuma, ambazo bado watu wanazitafutia njia ya kuzisokota ziwe ndefu. Nikamchorea kamba yangu, nene pale kwenye setilaiti inapobeba uzito wote, ikipungua unene kuelekea ncha zote mbili. Alikisogeza kikaratasi karibu na macho, akakaa nacho muda mrefu. Nilidhani atacheka. Badala yake akauliza swali ambalo katika miezi minane ya kusoma sikuwahi kujiuliza:

"Nani ataikagua?"

Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na sijali. Mtu wa kukaa ndani ya gari nimempata. Ni mkaguzi. Kazi yake ni kupanda peke yake siku nane, akiitazama kamba sentimita kwa sentimita, na kushuka siku nane.

Machi 14
Kurasa saba!

Machi 15
Sita. Mvua haijaacha, sijui hata saa ngapi.

Machi 20
Nimerudi karakanani na maswali kumi na manne. Mama Kamba amenijibu manane, mengine akayaita "maswali ya watu wasio na kazi". Amenionyesha jinsi anavyokagua. Anapitisha kitambaa cha pamba juu ya kamba, taratibu, mkono ukiwa mwepesi. Uzi uliokatika, hata usioonekana, unakinasa kitambaa. "Macho yanadanganya," akasema. "Kitambaa hakina sababu ya kudanganya."

Nilimuuliza kwa nini anaitwa Mama Kamba. Akasema hana mtoto, hana mume, ana kamba, na watu walipaswa kumwita kitu.

Machi 27
Jumatano tena. Safari hii alikuwa ameniwekea stuli tayari.

Machi 31
Binti alipiga. Tulizungumza nusu saa. Nilimsimulia kamba mpaka akasema, "Mama, leo umechangamka, una nini?" Nikamwambia nimepata rafiki. "Nimefurahi sana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo ambao sikujua amekuwa akiubeba.

Aprili 3
Leo yeye ndiye amekuja. Karakana ilifungwa mapema, maji yalikuwa yameingia hadi kwenye mashine. Alipanda ngazi zangu ghorofa tatu, akavua buti mlangoni, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua, na mimi sikumwambia. Kilikuwa hakijakaliwa tangu siku ile. Tulikunywa chai. Alisoma kurasa ishirini za mwanzo, midomo ikitembea kama ya mwanafunzi. Akasema mkaguzi wangu anazungumza mno. "Mtu wa kazi hii akiwa peke yake hajisemeshi. Anahesabu."

Nimemfanya ahesabu. Alikuwa sahihi.

Aprili 10
Niandike taratibu.

Alikuja saa tisa, kabla ya mvua kubwa. Hakuwa katika hali yake ya kawaida, hakufoka hata alipojikwaa kwenye zulia langu. Nilimuuliza, kwa ajili ya riwaya, kama kamba aliyoipitisha yeye iliwahi kukatika. Niliuliza kijinga tu, kalamu mkononi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Akaweka kikombe chini.

"Miaka kumi na minne iliyopita," akasema. "Ya winchi. Mita tisini. Nilianza asubuhi, mvua kama hii. Nikaikagua mita sabini na tisa. Zilibaki kumi na moja, zile zilizozungushwa kwenye pipa la mashine. Kuzifikia ilibidi pipa lifunguliwe, na yule fundi wa kulifungua alikuwa hajaja. Nilikuwa nimelowa, nina homa. Nikasema, mita sabini na tisa hazina hata uzi mmoja uliokatika, kumi na moja zitakuwa na nini? Nikaandika cheti. Nikapiga muhuri."

"Ikakatika hapo?"

"Baada ya wiki tano. Kijana wa miaka ishirini na tisa alikuwa chini yake. Nilikuwa barabara ya pili, nikausikia ule mlio. Nilijua kabla sijaambiwa." Alitazama dirishani. "Tume ikakaa. Wakasema winchi ilibebeshwa kupita kiasi, na kweli ilibebeshwa. Nikasafishwa. Hakuna aliyeniuliza habari za mita kumi na moja. Nami sikusema. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikammiminia chai ambayo hakuinywa. Alipoondoka alisimama kwenye ngazi, akasema, "Basi. Siri hiyo nimekuachia wewe." Nikasema, "Imefika." Ndiyo maneno yangu. Imefika.

Aprili 11
Nimeandika siku nzima bila kula. Sura ambayo mkaguzi, mzee kidogo sasa, akiwa kilomita elfu ishirini juu, anakumbuka kipande cha kamba alichokisainia bila kukigusa. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Aprili 12
Nimeisoma tena. Bado ni bora. Nimejiambia: hiki si kisa chake. Huyu yuko angani, kamba ni ya kaboni, mwaka wenyewe haujafika. Nani atajua?

Aprili 16
Mhariri amepiga. Gazeti la Jumapili linataka sura moja ya riwaya, waichape kabla ya kitabu, na wanaitaka kesho. "Nipe iliyo kali, Mwalimu." Nimempa ile. Kama ningekuwa na sura nyingine kali kama ile ningempa hiyo. Naandika sentensi hii na naona inavyonuka udhuru.

Aprili 17
Alikuja, akanisimulia mashine mpya iliyoletwa karakanani, tukacheka. Sikumwambia. Nilitaka kumwambia mara tatu, na mara zote tatu nilikwenda jikoni.

Aprili 24
Sikumwambia.

Aprili 28
Imetoka. Ukurasa mzima, na mchoro wa mwanamke ndani ya gari la kioo, dunia ikiwa mpira mdogo chini ya miguu yake. Jirani wa chini, ambaye kwa miaka sita hajawahi kunisemesha ila kugonga dari kwa fagio, alinisimamisha kwenye ngazi. "Mama, nimeisoma. Imenitoa machozi." Binti alipiga kunipongeza. Nimekunywa chai peke yangu nikilitazama gazeti, na badala ya furaha nilijisikia kama mtu aliyeacha jiko likiwaka mahali fulani.

Mei 1
Hakuja.

Mei 2
Nimekwenda mwenyewe. Alikuwa kwenye meza yake, gazeti limekunjwa mbele yake, na mafundi wawili waliokuwa karibu walitoka nje bila kuambiwa.

"Dada," nikaanza.

"Kumi na moja," akasema. Hakufoka. Ningetoa chochote afoke. "Una kamba ya kilomita laki moja, Mwalimu. Una nyota, una kaboni, una siku nane za kupanda. Una uhuru wa kusema uongo wowote unaotaka. Ukaacha mita kumi na moja vilevile. Ungeandika hata kumi na mbili."

Kweli niliiacha. Niliiacha kwa sababu ilikuwa namba nzuri.

"Hapa kila mtu anajua ile ajali, anajua pipa lile lilibeba mita kumi na moja, na anajua nani alisaini. Jumatatu meneja aliniita. Gazeti lilikuwa mezani. Akaniuliza, 'Mama, hii ni hadithi tu, si ndiyo?' Alikuwa ananipa mlango nitokee. Nikamwambia hapana, ni kweli."

"Ungeweza kukana."

"Mara ya pili?" Akafungua droo ya meza, akanionyesha. Tupu. Muhuri wake walikuwa wameuchukua. "Napima bado. Anasaini mwingine. Sasa nenda, nina kazi."

Nimetembea hadi nyumbani, mwavuli sikuufungua.

Mei 3
Mvua.

Mei 4
Mvua. Sikuzungumza na mtu.

Mei 5
Binti. Nilimweleza yote, nikitumaini, nadhani, kutetewa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha:
"Mama, ulimwomba?"
"Nilibadilisha kila kitu, mwanangu, niliweka angani..."
"Sijauliza hilo."
"Sikumwomba."
"Basi unajua," akasema, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kemeo.

Mei 8
Nimekwenda karakanani. Mlinzi akasema Mama Kamba hayupo. Buti zake zilikuwa mlangoni, nyuma ya visigino vya mlinzi mwenyewe. Aliona nimeziona. "Mama," akasema, akiangalia pembeni, "hayupo." Nikamshukuru.

Mei 11
Nimemaliza riwaya. Mkaguzi anafika juu, kwenye setilaiti, anakata mawasiliano na dunia, anaendelea kupanda kwenye ule upande wa pili wa kamba, ule unaonyooka kwenda gizani. Harudi. Nilidhani nitasikia kitu nikiweka nukta ya mwisho. Nilisikia bomba la mvua likimwaga maji uani.

Mei 14
Nilimwambia mhariri naiondoa ile sura.
"Mwalimu, ile sura ndiyo kitabu! Bila ile una lifti tu, na lifti bila mtu ni sanduku."
"Najua."
"Basi hakuna kitabu."
"Basi."
Akasema nipumzike, tutazungumza mvua zikiisha. Ni mtu mwema. Siku zote nilimwona mchekaji tu.

Mei 15
Jumatano. Nimetenga kikombe kimoja.

Mei 20
Nimechapisha muswada wote, kurasa mia mbili na kumi na tatu, nikaufunga kwa plastiki. Juu yake nimeweka barua. Niliiandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne za maelezo, ya mwisho ina mistari mitatu. "Niliiba. Hiki ndicho nilichoiba na vyote nilivyovijenga juu yake. Kata utakacho, au choma; nakala nyingine haitatoka kwangu bila neno lako." Nimemwachia mlinzi. Safari hii hakuniambia kama yupo au hayupo.

Mei 21
Mvua.

Mei 22
Mvua. Nimejaribu kusoma, herufi zinateleza. Nimegundua kitu cha aibu: miezi yote hii niliandika upweke wa mwanamke yule angani kwa raha, kama anayeufahamu mwenyewe, na sikuwahi kuona kwamba mwenye upweke mkubwa kuliko wangu alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai. Miaka kumi na minne. Mimi nilifiwa na mtu niliyeweza kumlilia mbele ya watu. Yeye alifiwa na mtu, na hakuwa na haki hata ya kumlilia.

Mei 26
Binti alipiga asubuhi na tena jioni. Hakuwa na la kusema ile ya jioni. Tulikaa tu kwenye simu, yeye akipika, mimi nikimsikiliza akipika.

Mei 29
Mvua imepungua. Hakuna habari.

Juni 3
Amekuja.

Saa nne asubuhi, mlango unagongwa kwa ngumi, na mimi katika kanga ya kufulia. Hakuvua buti. Akaweka muswada mezani, ukiwa umevimba kwa unyevu na kujaa alama za kalamu nyekundu. Hakukaa.

"Ukurasa wa thelathini, kitambaa kinapitishwa kwa mkono wa kushoto. Hakuna mtu anayefanya hivyo. Ukurasa wa tisini umesema kamba 'inaimba'. Kamba nzima haiimbi. Ikiimba, kimbia."

"Nitasahihisha."

"Sura ya mita kumi na moja iache. Imeshasemwa. Ukiiondoa sasa itakuwa kama nimekana." Akafungua ukurasa wa mwisho, akaupiga kwa kidole. "Lakini hapa umenisingizia. Umemfanya akimbie, apande asirudi. Mimi sikukimbia, Mwalimu. Nilinyamaza. Ni vitu viwili. Anayekimbia anapumzika mahali. Mimi kila siku nilikwenda kazini, nikapita barabara ileile."

Nilisema nisamehe. Nililisema vibaya, kwa sauti ya chini mno, ikabidi nirudie.

Hakusema amenisamehe. Alivuta kiti, akaketi ukingoni, buti zikidondosha maji kwenye zulia.

"Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama wa yule kijana," akasema. "Nilihofia mtu atampelekea gazeti kabla sijafika. Anaishi palepale alipokuwa akiishi na mwanawe. Amezeeka, haoni vizuri. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, yote, mita sabini na tisa na zile kumi na moja. Akainuka. Nikajua ananifukuza, nikawa tayari. Alikwenda kwenye kona, akavuta kiti, anakikokota, kizito, nami naogopa hata kumsaidia. Akakiweka mbele yangu. Akasema, 'Kaa. Unieleze tena, polepole.'"

Mvua ilikuwa imesimama bila sisi kutambua. Tulisikia watu wakizungumza mtaani.

"Ukamweleza?"

"Mara mbili. Halafu akanieleza yeye. Mwanawe alivyokuwa mtoto mbishi. Alivyoogopa bata." Akafuta uso kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefuta grisi. "Nitarudi kwake Jumamosi. Amesema nirudi."

Kisha nikauliza nilichopaswa kuuliza mwezi wa nne. "Dada. Naweza kukiandika hicho?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu gazeti lile nikaona kitu kinachokaribia kicheko.

"Hapana," akasema. "Hicho changu."

Akaondoka. Hakusema kama atakuja Jumatano, nami sikuuliza.

Juni 5
Jumatano. Hakuja. Nimesahihisha mkono wa kushoto, nikaifuta kamba inayoimba.

Juni 9
Nimeandika mwisho mpya. Mkaguzi anafika juu, anakaa siku moja, anageuza gari. Siku nane za kushuka. Dunia inakua taratibu chini ya miguu yake, kwanza kama sahani, kisha kama uwanja, kisha haina tena ukingo. Uzito unamrudia mwilini kidogo kidogo, magoti, mabega, mikono. Gari linagusa ardhi. Mlango unafunguka. Nimeishia hapo.

Binti aliusikiliza wote kwenye simu, nikimsomea. Nilipomaliza nilijikuta namngoja aseme lile neno la baba yake. Hakulisema, halijui. Aliniuliza kama nimekula, na leo nilikuwa nimekula kweli.

Juni 14
Siku ya tano bila mvua. Nimepeleka muswada ofisini kwa mhariri kwa mikono yangu. Aliusoma ukurasa wa mwisho mbele yangu, akaugeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Mwalimu, mlango umefunguka. Nje pana nani?"

"Sijui," nikasema.

Najua. Pana mama mzee na kiti chake, lakini hicho si changu kukiandika.